Mkungu wa Dokta

Hivi wewe, mtoto akija nyumbani akakuambia amepata divisheni wani, unamuuliza nini tena?

Mimi sikuuliza kitu. Nilikuwa jikoni namenya ndizi, mikono imejaa utomvu, nikasikia Erasto anapiga kelele uani kama aliyekanyaga nyoka. Erasto ni mwanangu wa pili, karani wa kupima majani ya chai hapa Ikuti. Ameinua simu juu, anazunguka nayo kutafuta mtandao, mara kwenye mparachichi, mara karibu na zizi.

"Mama! Ikupa ana wani! Wani ya pointi kumi na tatu!"

Nikatoka na kisu mkononi, nikapiga vigelegele mpaka jirani yetu mzee Jairo akaja anakimbia na goti lake bovu, akidhani kwetu kuna msiba.

Ikupa ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Agness anayeuza mboga Kiwira. Nimemlea mimi tangu ana miaka miwili. Siku hiyo alikuwa anatoka kuteka maji, ndoo bado kichwani, maji yanamchuruzika shingoni, naye amesimama tu anatutazama. Erasto akatusomea matokeo ya kidato cha nne somo kwa somo. Hesabu A, Kiswahili A, biolojia A. Kemia B, Kiingereza B. Jiografia C, fizikia C.

"Biolojia A," akarudia Erasto. "Mama, umesikia? Huyo ni daktari huyo."

"Na hiyo C ya fizikia?" nikamuuliza. Nimeishia darasa la saba lakini A na C ninazijua, kwa hiyo nisijitetee kwamba sikusikia.

"Atairekebisha hukohuko mbele."

Ikupa akashusha ndoo. "Mjomba, mimi nilikuwa nafikiria..."

"Wewe usijichoshe kufikiri, tunakufikiria sisi. Jifute uso nikupige picha."

Tukacheka wote. Mzee Jairo akakaa juu ya kinu changu bila kukaribishwa, akasema, "Ndaga fijo, asante sana, Mungu amewakumbuka. Wa kwangu mimi alipata divisheni foo akaenda ualimu. Yuko Chunya huko anakula chaki." Tukacheka tena. Ikupa naye alicheka, nakumbuka vizuri, alicheka kidogo halafu akainama kuokota kata iliyodondoka.

Huku kwetu shukrani haitolewi kimya. Unapeleka kanisani ulichonacho, mkungu wa ndizi, jogoo, chupa ya maziwa, unasimama mbele ya watu wote useme unamshukuru Mungu kwa jambo gani. Ibada ikiisha vitu vinapigwa mnada nje, chini ya baraza. Na kilichosemwa pale mbele kimesemwa. Kuna mama mmoja aliwahi kushukuru kwa uchumba wa binti yake kabla mahari haijazungumzwa vizuri. Uchumba ukavunjika. Mama yule mpaka leo anasali kanisa la ng'ambo ya mto, anapanda kilima kila Jumapili, na miguu yake ni mibaya kuliko yangu.

Jambo hilo nalijua. Njia nzima nilikuwa najipangia: sema asante kwa matokeo, Atuganile, kisha ukae. Nilivaa kitenge changu cha bluu, mkungu kaubeba Erasto, mkubwa, ndizi zimejaa hazina hata doa. Lakini niliposimama pale mbele nikaona macho yote yale, nikamwona mke wa mzee wa kanisa ambaye watoto wake wana kazi Dodoma, nikawaona wanawake tunaochuma nao chai. Miaka yote nimesimama pale kushukuru kwa kupona homa au kwa ng'ombe kuzaa. Ulimi ukanitangulia.

"Namshukuru Mungu," nikasema, "kwa kutupa daktari katika ukoo wetu."

Kanisa likapiga makofi. Nilimtafuta Ikupa kwenye viti vya kwaya. Alikuwa anapiga makofi na wenzake.

Kwenye mnada, mzee wa kanisa Ackson aliuinua mkungu wangu juu ya kichwa. Ackson ana mdomo, siku za mnada hata walevi wanakuja kumsikiliza. "Mkungu wa dokta huu! Ukila hizi ndizi huumwi tena! Nani anaumwa mgongo hapa? Mama Lugano, wewe si juzi ulikuwa unalia mgongo?" Watu wakavunjika mbavu. Mkungu ulinunuliwa ukarudishwa upigwe mnada upya, ukanunuliwa tena ukarudishwa, mara tatu, ndivyo tunavyofanya jambo likitupendeza. Tangu siku ile mtoto hakuitwa tena Ikupa. Dokta njoo, Dokta lete maji, Dokta umefunga mbuzi?

Baada ya muda serikali ikafungua nafasi ya kubadilisha machaguo. Ipo hivi: kabla ya mtihani watoto hujaza shuleni masomo wanayotaka kuendelea nayo kidato cha tano, na vyuo. Matokeo yakishatoka wanaruhusiwa kubadilisha. Erasto alikuwa na zamu kwenye banda la kupimia chai, nikamchukua Ikupa mwenyewe, tukaenda mpaka Bulyaga kwa Doreen, binti mwenye steshenari, ana kompyuta mbili na mashine ya kutoa kopi. Mvua ilikuwa inanyesha ile nyembamba isiyoisha. Nikamweleza Doreen: fizikia, kemia, biolojia.

Akabonyeza, akatazama. "Bibi, huyu alishajaza yake. Nifute yote?"

"Futa."

"Yote?"

Ikupa alikuwa nyuma yangu. Akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, naomba wayasome kwanza."

"Yasomwe ya nini? Ulijaza hujui kama utapata wani. Sasa umepata. Dada, futa."

Doreen akamtazama Ikupa, akanitazama mimi, akafuta. Miwani yangu nilikuwa nimeiacha nyumbani juu ya kabati. Nilijidanganya kwa muda mrefu kwamba laiti ningekuwa nayo ningesoma. Nisingesoma. Nilitaka kuwahi kurudi kabla viazi havijaozea shambani, na nilitaka mambo yawe kama nilivyoyasema.

Nimechuma chai zaidi ya miaka thelathini. Ukifika bandani na kikapu, karani anatumbukiza mkono anatazama: majani mawili na kichipukizi yanapita, jani gumu linatupwa pembeni. Na lile lililopita haliulizwi linataka kwenda wapi. Linakwenda kiwandani.

Alipangiwa shule ya wasichana ya mbali, mabasi mawili na usiku mmoja njiani. Godoro tulimnunulia, ndoo, koti jeupe la maabara ambalo Erasto alimvalisha hapahapa uani ampige picha nyingine. Alipokuja likizo ya kwanza alikuwa amekonda, kola ya shati imemzidi shingo. Hakupumzika. Mzee Jairo alikuwa wa kwanza kufika, kakunja suruali mpaka juu.

"Dokta, hebu litazame goti hili."

"Babu, nenda zahanati. Mimi ni mwanafunzi tu."

"Zahanati wananipa vidonge vya maumivu. Wewe ni wa kwetu, utanificha?"

Akaliangalia goti. Angefanya nini? Akaja mwenye kifua, akaja mwenye mtoto anayeharisha. Jioni hiyo tulikuwa tunakata majani ya ng'ombe, akaacha kukata.

"Bibi, fizikia hainiingii. Nasoma mpaka naona giza. Mwalimu anasema mapema hii bado naweza kuhama masomo haya."

"Kuhama kwenda wapi?"

Akafungua mdomo. Mimi sikumngoja.

"Sali, na upunguze usingizi. Nimekusemea kanisani, mwanangu. Usiniaibishe."

Akarudi kukata majani. Hakulitaja tena. Likizo zilizofuata nilimuuliza, "Fizikia?" akasema, "Inaenda, Bibi." Nikafurahi. Nilikuwa mtu wa kufurahishwa na maneno mawili.

Matokeo ya kidato cha sita yalitoka mwezi wa saba, baridi kali, tumejibanza jikoni. Safari hii Erasto hakupiga kelele. Aliingia akakaa kwenye kigoda, akaweka simu juu ya goti.

"Thrii," akasema. "Pointi kumi na tano. Biolojia D, kemia E, fizikia S."

"S ni nini?"

"S ni kupewa pole, Mama. Haihesabiki kuwa amefaulu. Na bila fizikia udaktari hakuna, hata wakimwonea huruma."

Ikupa alikuwa anachochea moto. Aliongeza ukuni mmoja, akapuliza.

Habari haikuchelewa. Bandani wanawake walionyamaza nilipofika walianza tena nilipogeuka. "Dokta wa ndizi," nikasikia, na mwingine, "Mkungu ulipanda bei, mtoto akashuka bei." Nikaweka kikapu chini nikasubiri kupimiwa, zamu yangu ilikuwa ya tisa, nikasimama mpaka ikafika. Jumapili Ackson alinipa mkono akaushika kwa muda mrefu, kama tunavyowashika wafiwa. Kile cha mkono kiliniuma kuliko cha bandani. Ukaja moyoni ubaya nisioupenda kuusema. Nikawa nikimtazama mtoto anafagia uwanja namwona kama ameniibia kitu. Mimi niliyemwibia.

Erasto akaita kikao. Agness akaja kutoka Kiwira na fungu la kabichi, macho yamevimba. Tukakaa sebuleni: mimi, Erasto, Agness, na Ikupa kwenye mkeka karibu na mlango. Mzee Jairo naye alikuwepo, nani amfukuze.

Erasto alikuwa ameandika kwenye karatasi. "Nimeulizia kila mahali," akasema. "Udaktari tuusahau. Uuguzi angeweza kwenda kwa cheti chake cha kidato cha nne, lakini hapo aanze upya kabisa na waliomaliza juzi. Kilichobaki ni diploma ya ualimu. Biolojia na kemia, miaka miwili. D moja na E moja zinampeleka."

"Ualimu," akasema Agness, akaanza kulia. "Wani yote ile, kaka. Mtoto na wani yake anaishia ualimu."

"Poleni sana," akasema mzee Jairo. "Wangu angalau alikwenda na foo yake, hakupoteza kitu."

"Mzee, naomba unyamaze," Erasto akamwambia.

"Nimesema pole tu!"

Nami kama mkubwa wa nyumba nikaona nifunge. Nikasema hivi, kwa mdomo wangu huu: "Mwanangu, ndiyo dunia. Nenda hukohuko ualimu, hakuna namna. Mungu atakuonea huruma mbele ya safari. Na safari hii kanisani sitasema kitu, tutatoa jogoo kimyakimya."

Ikupa akacheka.

Hakikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa kama kikohozi. Agness akaacha kulia, akamtazama.

"Bibi," akasema Ikupa, "siku ile Bulyaga, unajua yule dada alifuta nini?"

Erasto akakunja karatasi yake.

"Uchumi, jiografia na hesabu. Ndiyo nilijaza chaguo la kwanza mpaka la tatu. Chini yake nikajaza chuo cha ualimu, kama nisingepata kidato cha tano."

"Mbona hukusema?" Erasto akauliza. "Unakaaje na jambo kama hilo miaka miwili?"

"Nilisema, Mjomba. Ukaniambia nijifute uso."

"Nilikuwa natania!"

"Nikasema kwa Bibi steshenari. Nikasema tena tukikata majani." Hakuwa anapandisha sauti. Angepandisha ningepata pa kumshika. "Halafu nikaona jinsi mlivyokuwa mnafurahi."

"Lakini si sasa unaupata huo ualimu?" Agness akasema, anamshika bega. "Si ndiyo uliotaka, mwanangu? Basi Mungu kajibu."

Ikupa akautoa mkono wa mama yake taratibu, akaushika kwenye magoti yake.

"Sasa nitafundisha biolojia, mama, kwa D. Hesabu sikuendelea nayo, hawanipi." Akanigeukia mimi. Miaka kumi na minane niliyomlea hakuwahi kunitazama hivyo, usoni, bila kuinamisha macho. "Nilitaka kufundisha hesabu, Bibi. Hapahapa Ikuti. Na nilitaka niingie darasani na wani yangu mkononi, ili watoto wajue kuna mtu alifaulu, akawachagua wao."