Kadi Iliyokatazwa

Mama Cherehani anasema kompyuta ya dukani kwetu ilipulizwa ikapona. Anamsimulia hivyo kila mteja anayekuja kukunjiwa pindo la suruali, na kwa kuwa meza yake ya kushonea iko kibarazani, hatua tatu kutoka mlango wetu, hakuna anayeingia kwetu bila kuipata habari hiyo. Anasema Injinia aliinama nyuma ya kompyuta, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akapuliza mara moja tu, fuu, na taa ya kijani ikawaka.

"Kwa macho yangu haya mawili," anasema, na kuyaelekezea ncha ya mkasi mpaka mteja anarudi nyuma.

Sisemi anadanganya. Aliona alichokiona. Kutoka pale anapokaa huoni kibodi. Unaona mgongo wa mtu aliyeinama na vumbi linaruka. Mimi nilikuwa upande wa pili.

Duka ni la Baba Mdogo. Tunachapa barua, tunatoa fotokopi, tunawajazia watu fomu. Nasema tunajaza, lakini mimi nafagia, napanga karatasi, na kutia vyeti vya watu plastiki kwenye ile mashine ya moto. Shule niliishia darasa la saba. Baba Mdogo hupenda kuwatajia wateja jambo hilo nikiwa nimesimama palepale, kama mtu anayetaja urefu wa meza.

Kompyuta ilikuwa ya kaka yangu, tumbo moja na mimi. Aliipata kwenye ofisi iliyokuwa inatupa vitu vyake, akaiwekea mfumo uitwao Linux kwa sababu, alisema, kuiwekea mfumo mwingine ni kumtwisha bibi kizee gunia la saruji. Kwa miaka minne sasa kompyuta ile ndiyo duka. Mwaka mmoja kabla hajafa, Kaka alivunjika mkono wa kulia, wakamfunga plasta kutoka kiganja mpaka juu ya kiwiko, na kwa wiki saba nikawa mkono wake. Yeye alikaa kwenye kigoda pembeni akitaja herufi mojamoja, mimi nikiandika. Kiingereza sikukijua, na mpaka leo sikijui, ila herufi nazijua, na kidole changu kikishapita mahali hakisahau njia. Kila alichoiamuru kompyuta, alitaka nikiandike pia kwenye daftari, na chini yake nieleze kwa Kiswahili kimefanya kazi gani.

"Andika, Karani," alikuwa akinitania. "Kesho nitakana kwamba ni mimi niliyesema."

Hakukana. Aliugua siku kumi na mbili, basi. Daftari nililichukua mimi, na hakuna aliyeliulizia. Hata neno la siri la kufungulia kompyuta hakuna aliyewahi kuniuliza ni lipi. Kila asubuhi nilifagia, nikafuta meza, nikawasha, nikaliandika. Walidhani inafunguka yenyewe, au hawakudhani chochote.

Mwaka huu radi ilipiga, ikapita kwenye waya wa mtandao mpaka ndani ya kompyuta, ikaiunguza kadi ya mtandao, yaani kile kibao kidogo ambacho waya unachomekwa. Ikawa mwezi uleule ofisi zote zimetangaza hazitaki tena fomu za karatasi, kila kitu kitumwe kwa mtandao. Wateja wakawa wanachungulia mlangoni, "Mtandao umerudi?" na kabla hujamaliza kutikisa kichwa wameshavuka barabara kwenda duka la pili.

Baba Mdogo akamwita Injinia. Ni fundi wa simu, ila ana begi lenye mifuko mingi, na jina limetoka huko. Alileta kadi aliyoichomoa kwenye kompyuta iliyokufa, akaichomeka kwetu. Haikuwaka. Akabadilisha waya. Akaihamishia tundu jingine. Akakaa mbele ya kioo akiitazama Linux kama mtu aliyepewa gazeti la nchi ya mbali.

"Mzee, hiki kitu aliweka nani? Tukifute chote, niweke ninachokijua."

"Na barua zangu za miaka minne? Na mikataba ya watu? Ufute uniweke wapi?" Baba Mdogo akashika kiuno. "Mungu amrehemu yule mtoto, ila kompyuta yeye hakuirehemu."

Injinia akacheka sana. Mimi wakati ule nilikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa watu kwenye mashine ya plastiki. Nilikiacha kwenye moto mpaka kona ikajikunja, nikaomba radhi, nikakirudia.

Jumatatu ya wiki ya tatu, Baba Mdogo alikipiga kofi kile kiti cha mbele ya kompyuta.

"Sikilizeni. Atakayeniletea mtandao kwenye mashine hii, kiti hiki ni chake. Sijali ni nani. Hata akiwa huyu!" Akanionyesha kwa kidevu.

Walicheka wote. Mama Cherehani alicheka mpaka akashona mfuko ukafungwa mdomo. Injinia kiti hakukihitaji, ana kibanda chake. Aliyekuwa akikingoja ni binti wa Baba Mdogo, ambaye namwita Dada. Alikuwa amemaliza chuo cha kompyuta, na cheti chake kilishatundikwa ukutani juu ya kiti kabla yeye mwenyewe hajakikalia. Nilikitia plastiki mimi. Mama Cherehani humwita Bi Cheti, naye hudhani anasifiwa.

Na mimi nilikitaka kiti kile. Sikutaka kingine chochote katika duka lile. Mtu akiingia humsalimia kwanza aliyekaa pale. Anayekaa pale huulizwa, "Unaonaje?" Miaka sita nipo dukani, na swali hilo sijawahi kuulizwa hata juu ya mvua.

Kwa hiyo nikatazama. Nikisimama na ufagio watu hawanioni, na hiyo ina faida yake. Niliona kwamba Injinia akiiuliza kompyuta ndani yako kuna nini, inaitaja kadi mpya kwa jina na namba. Akiiuliza njia ya mtandao iko wapi, inanyamaza. Basi kadi haikuwa imekufa. Inaonekana, ila haisemeshwi. Ni kama watu wawili waliokatazwa kuongea kwenye nyumba moja.

Hilo neno, kukatazwa, ndilo lililonishtua.

Asubuhi iliyofuata nilifungua daftari kabla ya kwenda kazini. Wiki ya pili ya plasta. Mwandiko wangu mwenyewe, herufi za duara za darasa la saba: "Draiva hii inagombana na draiva ya kadi yetu. Mtandao unakatika kila saa. Tumeikataza isiamke." Draiva ni kile kipande cha programu kinachoifundisha kompyuta kuzungumza na kadi. Chini yake nilikuwa nimenakili namba za kadi zinazoitumia draiva iliyokatazwa. Dukani nikajifanya nafuta vumbi ndani ya sipiyu, lile boksi la kompyuta, nikamulika kadi ya Injinia kwa simu, nikasoma namba zake. Zilikuwa zilezile.

Nilisimama pale na kitambaa mkononi. Kaka hakukosea, kwa kadi yetu ya zamani katazo lilikuwa sawa. Lakini kadi ikaungua, ikaja nyingine inayohitaji draiva ileile, na katazo likabaki limekaa kwenye kompyuta kama askari aliyesahauliwa getini. Wiki tatu walikuwa wanamtukana marehemu kwa sababu ya mstari mmoja, na mstari ule niliuandika mimi.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Injinia alikuja tena. Alisema sasa tatizo amelijua, ni vumbi. Baba Mdogo alikuwa mlangoni, Dada yuko na simu yake.

"Injinia," nikasema, "wakati unasafisha, naomba nijaribu kitu."

"Jaribu, mpenzi, ila isikung'ate." Akapotelea nyuma ya meza.

Sikukaa. Niliandika nimesimama. Niliufungua ule ukurasa wa makatazo kwenye kidirisha cheusi cha kuandikia amri, nikaandika neno la siri, nikashuka mpaka kwenye mstari wetu. Kaka alinifundisha kwamba ukiweka alama ya reli, hii #, mwanzoni mwa mstari, kompyuta inauruka, inafanya kama haujaandikwa. Nikaiweka. Nikahifadhi. Kisha nikaiita draiva kwa jina, herufi moja baada ya nyingine, nikamsikia Injinia anavuta pumzi, nikabonyeza Enta.

Fuu.

Taa ya kijani ikawaka. Mama Cherehani akapiga kigelegele akiwa na uzi mdomoni. Baba Mdogo akampigapiga Injinia mgongoni. Injinia akainuka, nyusi zimejaa vumbi, akatazama kioo. Kidirisha cheusi kilikuwa bado wazi, na mstari wangu wa mwisho upo. Aliusoma. Si mjinga. Akanitazama, nami nikamtazama.

"Vumbi," akasema. "Si nilisema tangu mwanzo? Vumbi."

Nilisubiri aulizwe vumbi gani linaloondolewa kwa amri. Hakuulizwa. Basi nikasema mimi.

"Baba Mdogo, si vumbi. Ilikuwa draiva. Ilikuwa imekatazwa, nami nimeiondolea katazo."

"Imekatazwa na nani?"

"Na Kaka. Ila ilikuwa kwa ajili ya kadi ile ya zamani, na..."

"Nani aliandika hilo katazo?"

"Kaka alikuwa kwenye plasta. Alisema, nikaandika mimi."

"Wewe."

"Ndiyo, Baba Mdogo, lakini..."

"Wewe!" Akageuka kuwatazama wote mmojammoja. "Wiki tatu wateja wananikwepa kama nina ndui, namlaumu marehemu wa watu, kumbe mchawi ninaye humu ndani na ufagio wangu kashika!"

"Na uso wake wa upole ule," akasema Mama Cherehani. "Jamani."

"Mzee, usimkaripie," akasema Injinia kwa sauti ya huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniuma. "Hakujua. Watoto wakiachiwa vitu ndivyo inavyokuwa."

Nina miaka ishirini na mitatu.

Nilitoa daftari kwenye mkoba, nikalifungua ukurasa wenyewe. Baba Mdogo aliligeuza mbele na nyuma, akampa Dada. "Hebu soma wewe uliyesoma." Dada akasoma. Nilimwona anarudia juu, anasoma tena polepole, na masikio yake yanabadilika rangi. Alielewa. Chuo kilimfundisha angalau hilo. Akalifunga.

"Ni maandishi ya zamani tu, Baba," akasema, akalitia kwenye droo ya meza, akavuta kiti, akakaa.

Hilo lilikuwa juma lililopita. Tangu hapo Dada anakaa, na mimi nasimama nyuma ya kiti. Kabla mteja hajafika, Dada ananiuliza kwa mnong'ono, "Pa kuchapia ni wapi? Faili limekwenda wapi?" nami naonyesha kwa kidole. Mteja akiingia, Dada ananiambia kwa sauti, "Asante, kaendelee na kazi." Injinia akipita barabarani, watu wanamwita Mpulizaji, naye anapunga mkono.

Leo asubuhi umeme ulikatika, ukarudi. Duka lilikuwa limejaa. Kompyuta ikajiwasha yenyewe, na kwa mara ya kwanza ikaomba neno la siri mbele ya watu. Dada akaandika kitu, ikakataa. Akaandika kingine, ikakataa. Akaniangalia.

"Liandike," akasema chini chini. Akasogeza magoti kidogo ili mkono wangu upite, yeye asinyanyuke.

"Upesi basi," akasema Baba Mdogo, "watu wanangoja."

Niliweka mashine ya plastiki sawa. Nikafuta mikono kwenye kanga. Nilikuwa nimelipanga neno hilo siku saba, na lilipotoka lilikuwa fupi kuliko nilivyolipanga.

"Baba Mdogo, ulisema atakayeleta mtandao kiti ni chake. Ulisema mbele ya watu, na Mama Cherehani alikuwepo. Naomba nikae."

Nje cherehani ikanyamaza. Dada aliinamia kibodi kana kwamba herufi zimehamishwa. Kistari cha kwenye kioo kilikuwa kinawaka na kuzima, kikingoja neno.

Baba Mdogo akamgeukia mama mmoja aliyekuwa mbele ya foleni, akanyoosha mkono apokee karatasi zake.

"Ehe, mama," akasema. "Fomu yako wewe ni ya nini?"