Vigumu Kidogo

Keziah Simiyu, Mkenya, alikuwa amefundisha Kiingereza cha kazini mjini Johannesburg kwa miaka tisa. Alishafundisha Wakongo wa benki, Wareno wa viwandani na Wachina wa maduka ya jumla, lakini Mjapani alikuwa hajampata bado. Kwa hiyo Lorraine alipompigia simu kutoka kampuni moja ya Kijapani inayouza pampu za migodini, alikubali papo hapo.

"Anaitwa Morishita," alisema Lorraine, ambaye ndiye aliyeshughulikia mambo ya wafanyakazi pale. "Mhandisi hodari, ila kwenye mikutano ni kama hayupo. Mfundishe kujiamini."

Keziah alimkuta mtu mwembamba wa miaka hamsini hivi, mpole, mwenye daftari lililojaa sentensi zilizonyooka kuliko za wenyeji wengi. Sarufi anayo, maneno anayo. Basi kinachomfunga ulimi ni nini? Swali hilo lilimkaa kichwani wiki nzima, mpaka akaomba ruhusa ya kuhudhuria mkutano mmoja, akae nyuma atazame tu.

Mgeni siku hiyo alikuwa Bi Mahlangu, mnunuzi wa mgodi wa dhahabu ulioko magharibi mwa mji. Alikuwa mama mchangamfu, mwenye maneno ya haraka. Alitaka pampu sita, na alizitaka kabla ya mwisho wa Aprili.

"Zitafika?" aliuliza.

Morishita alivuta hewa kwa meno. Akainamisha kichwa upande. Kimya kikawa kirefu, wenzake wakaanza kukohoa.

"Itakuwa vigumu kidogo," alisema hatimaye.

"Sharp, sawa kabisa," akajibu Bi Mahlangu, akiandika tarehe. "Sisi watu wa mgodini hatuogopi ugumu kidogo."

Wakapeana mikono, wakaagana kwa furaha. Morishita peke yake alikuwa amepauka. Walipoingia kwenye lifti Keziah hakuweza kujizuia.

"Morishita-san, zile pampu zitafika Aprili?"

"Hapana. Haiwezekani kabisa."

"Mbona hukuwaambia?"

Alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nimewaambia. Nimesema ni vigumu kidogo."

Kumbe mwanafunzi wake hakukaa kimya. Alikuwa amekataa, tena mbele ya watu wanane, na hakuna hata mmoja aliyemsikia. Keziah alimwambia hivyo, na lifti ikafika chini. Morishita akasema kwamba kumtamkia mgeni "hapana" usoni, mbele ya watu wake, kulikuwa ni sawa na kumvua nguo.

Hapo getini alikuwapo mlinzi, Placide, mtu wa Bukavu, ambaye Keziah alizoea kusalimiana naye kila alipopita.

"Papa Placide," alimwuliza, Morishita alipokwisha kwenda kwenye gari lake, "yule Mjapani huwa anazungumza na wewe?"

"Kila asubuhi, Mwalimu. Anasema muzuri sana. Hata kukataa anakataa muzuri."

"Anakataa?"

"Nilimwalika kanisani kwetu, kule mjini kati, kwenye jengo la sinema ya zamani. Mara ya kwanza akasema atafikiri. Mimi nikamwekea kiti mbele, karibu na pasta. Hakukuja, na watu wakasimama nyuma kiti kikiwa wazi. Nilipomwambia, eish, alisikia haya sana. Niliporudia kumwalika akasema wazi: hapana, Papa, Jumapili ninalala. Nikashukuru. Kiti nikampa mwingine."

Keziah aliendesha gari kurudi nyumbani huku akikigeuza kisa hicho. Robot, taa ya njia panda, ikawaka kijani, na gari la nyuma likapiga honi mara mbili ndipo akastuka. Kumbe neno "hapana" Morishita analo. Aliweza kulisema pale alipojua kiti kilibaki wazi kwa sababu hakulisema.

Kesho yake hakufungua kitabu. Alimwuliza tu, "Aprili ikiisha na pampu hazijafika, kule chini ya mgodi kutakuwaje?"

Morishita alichukua karatasi, akachora shimo, akachora maji. Pampu za zamani zimechoka, alieleza. Maji yatapanda kwenye ngazi ya chini kabisa, ambako watu wanatarajiwa kuanza kuchimba Mei. Mkono wake ukasimama. Akaitazama ile karatasi muda mrefu, na Keziah, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuwafanya watu waseme, alijilazimisha kunyamaza.

"Tafadhali nisaidie kumpigia simu Bi Mahlangu," alisema Morishita.

Bi Mahlangu alirudi Ijumaa. Safari hii Morishita alianza yeye.

"Pampu sita haziwezi kufika Aprili. Jibu ni hapana. Wiki hii nilisema kwa namna ambayo haikueleweka, na kosa ni langu."

Uchangamfu wa yule mama uliisha. "Nimeshawaahidi wakubwa wangu."

"Ndiyo. Samahani."

Wenzake walijikunja vitini, lakini yeye alitulia, mikono juu ya meza, akamwachia mama yule hasira yake mpaka ikapungua.

"Unaweza nini, basi?"

"Mbili kwa ndege, kabla ya Aprili kuisha. Nne zilizobaki, Juni."

Bi Mahlangu alichukua mbili. Zile nne alisema atazitafuta kwa wengine, na alizitafuta kweli. Ila mlangoni aligeuka. "Ngazi ya chini nitaifunga mpaka nizipate. Afadhali nimejua leo."

Wakubwa wa kampuni kule Osaka hawakufurahi. Morishita alimsimulia Keziah somo lililofuata, bila kulalamika, kwamba mkubwa wake alimhoji kwa saa nzima kuhusu zile pampu nne. Kisha akalivuta daftari.

"Mwalimu, kwenu Kenya mtu akikataa husemaje?"

Keziah alifikiri, akajikuta anacheka. "Kwetu? Tunasema 'tutaangalia'."

"Na maana yake ni hapana?"

"Karibu kila mara."

"Na watu wanaelewa?"

"Wote."

Morishita aliliandika neno kwa herufi zake, akaomba alisikie tena, kisha akataka kujua ni lini hasa maana yake huwa ndiyo, na mtu anajuaje. Keziah alifungua mdomo kumjibu, akagundua hajawahi kujiuliza.