Kurasa za Vita Nilizoziruka

...lifti tena, inakwaruza ikipanda, isije ikasimama kwetu, imesimama, nyonya Varya, nyonya mwanangu usilie, mjomba wako Zakhar kalala kibarazani katikati ya viazi na mitungi ya matango ya chumvi, katoroka vitani kaja kwangu, angeenda wapi, dada yake ni mimi, viatu vinaburuta huko nje, vimesimama, polisi hawaji mmoja, au siku hizi wanakuja mmoja... mama mkwe ananong'ona gizani, "Tulia Ustya, ni Fedot wa jirani, kalewa, anatafuta tundu la ufunguo," yeye ndiye aliyemfungulia Zakhar mlango jana, ndiyo maana anajua, mwingine hajui, ila asubuhi mama yangu atapiga simu, kila siku anapiga, analia, nimeshapanga maneno, mama, Zakhar yu hai, yuko kwangu, basi, ni mama yake mzazi jamani... ningemwambia, kama si kitabu hiki magotini, riwaya ya zamani ya vita, mabuku manne, shuleni walitulazimisha, sisi wasichana tukasoma dansi na posa tukaruka vita, wavulana wakaruka posa, nakala hii ilikuwa ya mama, kurasa za posa zimechakaa, za vita safi kama zimetoka dukani, naye aliruka, usiku huu ndio nimezisoma, kumbe humo kuna binti wa kabaila, alimficha askari mtoro darini juu ya bafu, akamwambia yaya wake tu, kwa furaha, yaya akamwambia mwoka mikate tu, mwoka mikate akamwambia mumewe tu, hakuna msaliti humo, kila mmoja alimwambia mmoja tu, alfajiri wakaja na kamba... mwandishi kafa zamani za mfalme tsari, lakini ni kama alikaa jikoni kwetu, anamjua mama, anamjua dada yake mama, mwenye duka la maua, atakayeambiwa yeye tu...

"Mama yako usimwambie," mama mkwe anasema.

"Ni mwanawe."

"Ndiyo maana."

...ufunguo wa Fedot bado unakwaruza, moyo wangu bado unaruka, uruke tu, simu ikilia nitasema Varya anaota jino, nitasema theluji haiishi, atalia nitamwacha alie, mama, siku ukijua utanichukia, nichukie, ilimradi unichukie Zakhar akiwa amekaa pembeni yako anakunywa chai, mtu mwingine simwambii, hata wewe.