Kipande cha Mwisho cha Keki ya Limau

Karin Tollefson alikwenda kwenye mkutano wa nne wa talaka yake akiwa amebeba sinia la keki ya limau. Aliioka mwenyewe asubuhi, akaikata vipande kumi na viwili. Huwezi kwenda mikono mitupu mahali penye watu, hata kama unachoendea ni kuachana na mume.

Mume mwenyewe, Wendell, alimfungulia mlango wa ofisi.

"Keki ya limau! Usingejisumbua, Karin."

"Aa, si kitu. Nilikuwa na malimau yananiharibikia tu."

Uongo. Malimau aliyanunua jana.

Talaka yao ilikuwa ya kukaa mezani: kila mmoja na wakili wake, mhasibu mmoja wa wote, na ahadi iliyotiwa saini kwamba hakuna atakayekimbilia mahakamani. Huko Minnesota, Marekani, namna hii iliwakaa vizuri, kwani watu wa huko ni heri waumwe meno mwezi mzima kuliko kumpandishia mtu sauti. Mambo yalikuwa yamekwenda laini. Binti yao Annika, wa miaka kumi na miwili, angekaa wiki kwa baba na wiki kwa mama, mbwa akimfuata. Nyumba ya mjini angebaki nayo Wendell, na Karin angepata nusu ya akiba ya mumewe ya uzeeni. Hakuna aliyegombana. Kwa miaka kumi na tisa hawakuwahi kugombana, wala kuambiana jambo lolote la maana.

Kilichobaki ni nyumba ya ziwani, na hapo ndipo palipoharibika.

Baba yake Karin aliijenga kwa mikono yake, ubao baada ya ubao. Kwenye mkutano wa tatu, Doreen, yule mhasibu, aliuliza nani anaitaka.

"Mpeni Wendell," alisema Karin. "Ndiye anayeishughulikia."

"Hapana, hapana," alisema Wendell. "Ni ya baba yake. Achukue yeye."

"Mimi? Nitaifanyia nini peke yangu!"

Sasa, kwa watu wa kule, kitu unakikataa mara mbili, na mara ya tatu unakipokea shingo upande huku moyo unacheza ngoma. Doreen alikuwa mtu wa New Jersey, ambako ukisema hapana umesema hapana. Hakuuliza mara ya tatu. Aliandika: hakuna anayeitaka, iuzwe. Karin na Wendell hawakumsahihisha, kwani kumkosoa mtu aliyekwisha kuandika kwa wino ni kumfedhehesha.

Wiki tatu Karin alijilaumu. Na sasa mnunuzi alikuwa amepatikana, daktari wa meno kutoka Minneapolis. Alitoa dola laki tatu na elfu kumi, na alisema wazi kwamba jengo atalibomoa. Anataka kiwanja.

"Bei nzuri sana," Doreen alisema, akiisukuma karatasi katikati ya meza. "Saini mbili tu, tumemaliza."

Karin akashika kalamu. Akajiambia aseme, akashindwa, akatazama sinia.

Kilikuwa kimebaki kipande kimoja. Wakili wa Wendell akakikata nusu, akala nusu. Wakili wa Karin akaikata nusu iliyobaki, naye akala nusu yake. Wendell akachukua kisu, akakata tena kwa uangalifu wa daktari wa upasuaji. Kilichobaki kilikuwa na ukubwa wa kiberiti, na hakuna aliyethubutu kukigusa, maana kumaliza sinia ni aibu.

"Jamani, mna nini na hiyo keki?" Doreen alishindwa kuvumilia. "Si mtu akile kiishe!"

Wote wakacheka kwa adabu. Hakuna mkono uliosogea.

Karin akamkumbuka baba yake. Mzee alikuwa akikila kipande cha mwisho jikoni, amesimama, ameupa mlango mgongo ili asionekane. Alikuwa mtu mzima, mwenye nyumba yake, na bado alikula kwa kujificha. Karin alimwonea huruma, kisha akajionea huruma mwenyewe, kisha hasira ikampanda. Akanyoosha mkono, akakichukua kile kipande chote, akakitia mdomoni mbele ya watu wanne.

Wakili wake akainamisha macho.

Karin akatafuna, akameza.

"Nyumba ya ziwani naitaka mimi."

"Si ulisema huitaki?" Doreen aliuliza.

"Nilisema mara mbili. Ya tatu hukuniuliza."

Doreen akawatazama wote mmoja mmoja kama mtu aliyeibiwa. "Mungu wangu. Basi nisikilizeni. Ukiichukua, nusu yako ya akiba inabaki kwa Wendell. Utazeeka na paa, mama, si pesa."

"Nina mshahara wangu wa uuguzi. Nitazeeka nikitazama ziwa."

"Na wewe, Wendell?"

"Mimi sina neno. Kama ndivyo anavyopenda..."

"Wendell!" Karin aligonga meza, na mwenyewe akashtuka. "Hebu walau mara moja sema unachotaka wewe!"

Wendell akawa mwekundu mpaka masikioni. "Siipendi," alisema. "Ile nyumba. Mbu wananila mzimamzima. Nilikuwa nakwenda kwa ajili yako."

"Ee! Na mimi kahawa ile isiyo na nguvu, nilikuwa nainywa kwa ajili yako!"

"Kwa ajili yangu? Mimi naichukia! Nilidhani wewe ndiye..."

Wakatazamana. Miaka kumi na tisa ya kahawa mbovu. Wendell ndiye aliyeanza, kicheko kikimtoka puani, na Karin akamfuata mpaka akashika mbavu. Mawakili wakacheka. Doreen alicheka kuliko wote, huku akiipasua karatasi ya daktari wa meno na kuanza hesabu upya.

Kabla ya saa sita walikuwa wametia saini. Karin alitoka nje mwepesi, sinia tupu kwapani. Wendell akamsindikiza hadi kwenye gari, wakaagana, wakaongea, wakaagana tena, kama ilivyo desturi.

"Wendell," alisema Karin kupitia dirishani, "ile gati inabidi itolewe majini kabla ziwa halijaganda. Utakuja Jumamosi kunisaidia?"

Wendell akafungua mdomo. Karin akaliona lile jibu la siku zote likipanda kooni mwake, *kama utapenda*, kisha akaliona likirudi chini.

"Hapana," alisema Wendell. "Maji yale ni baridi mno. Sitaki."

Karin hakuwahi kuambiwa neno tamu kuliko hilo na mwanamume huyu. Akawasha gari, machozi ya furaha yakimlenga.

"Asante," alisema. "Nitatafuta mtu."