Sauti ya Mama Naeku

Mwalimu Marselina alikuwa ndiyo kwanza amebonyeza kishikwambi chake, spika ikaanza kusema, mara mlango wa darasa la nne ukasukumwa. Akaingia Tajeu, mfugaji, baba wa mwanafunzi wake Naeku, fimbo mkononi. Sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa ya mkewe, akieleza kwa Kiswahili jinsi anavyokamua, huku projekta ikionyesha picha ya ng'ombe ukutani.

Marselina alizima sauti haraka. "Shikamoo, Baba Naeku."

Badala ya kuitikia, alianza kusema kwa Kimasai, polepole, kwa sauti ya chini iliyotisha kuliko makelele. Watoto wa wakulima waliokaa mbele wakabanana. Wiki hiyo ng'ombe wa Wamasai walikuwa wameingia kwenye mahindi ya wakulima, na polisi walikuwa wakipita boma kwa boma wakiwahoji wafugaji.

Marselina hakuelewa hata neno moja. Ndipo Naeku, ambaye tangu Januari hakuwahi kufungua mdomo darasani, aliposimama.

"Baba anauliza, sauti ya mama umempa nani? Polisi?"

"Sijampa mtu! Mwambie ni ya somo. Nilitaka nanyi watoto wa Kimasai msikie Kiswahili kwa sauti mnayoijua."

Naeku akatafsiri. Baba yake akajibu kwa ufupi.

"Anasema, uliomba ruhusa?"

Uso wa Marselina ukapata moto. Alikuwa amemwomba mama huyo amrekodi pale kisimani, naye akacheka, akakubali. Lakini hakumwambia kwamba atasikika mbele ya darasa zima.

"Niliomba, ila sikumweleza vizuri. Nimekosea."

Alimsogelea Tajeu, akamwonyesha kishikwambi, akaifuta rekodi mbele ya macho yake. Kazi ya wiki mbili ikaenda.

Tajeu aliisogelea picha ukutani, akaitazama, kisha akauliza jambo. Naeku alijikaza asicheke.

"Anauliza ng'ombe huyu ni wa nani. Anasema anaumwa, masikio yamelala."

"Nimemtoa mtandaoni," alijibu Marselina, na darasa likapasuka kwa kicheko. Tajeu hakucheka. Aligeukia mlango.

"Kesho nitakuja na mama yake," alisema, safari hii kwa Kiswahili. "Utamuuliza upya, nikiwepo."

"Sawa, mzee."

Alipotoka, Marselina alivuta kiti akakaa. Watoto walikuwa wamemzunguka Naeku, wakimuuliza ng'ombe anaumwa nini, naye alikuwa akiwajibu.