Mtungi Ulioota Mizizi

Jumatatu asubuhi Sista Cherop alipiga magoti katika wodi ya wanaume, akabandika utepe wa manjano sakafuni kuzunguka kila kitu: ndoo ya taka, toroli la dawa, vitanda, na mtungi mmoja wa oksijeni uliokaa mlangoni. Wakaguzi wa ubora walikuwa wanakuja Alhamisi. Hospitali ikipita, ingepewa cheti. Isipopita, Quincy, afisa wa ubora, angerudishwa stoo alikotoka.

"Kitu kikipatikana nje ya boksi yake, hiyo ni makosa," Quincy aliwaambia wauguzi. "Sitaki kujua kimeenda kufanya nini."

Chelimo aliyasikia hayo akiwa kando ya mumewe, Weldon, katika kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Weldon alikuwa amechimba mawe meupe kule Kariandusi tangu ujana, na vumbi lake lilikuwa limemjaa kifuani. Alilala ameketi, akipumua kama mtu anayepanda mlima na gunia la viazi. Pumzi ikimkata, Cherop aliuburuta mtungi hadi kwake, akamvisha barakoa, mambo yakatulia.

Jumatano ndoo ya taka ilikataa kusogea. Mfagiaji aliinama, akaona imeota mizizi myembamba kama ya kitunguu, akafagia kuizunguka. Kufikia jioni vitanda navyo vilikuwa vimeshika. Quincy alipita akivitikisa kimoja kimoja, akaridhika.

Alhamisi, wakaguzi wakimalizia chai ofisini, pumzi ilimkata Weldon. Midomo ikawa ya kijivu. Cherop aliukimbilia mtungi, akauvuta, haukutikisika. Mizizi yake ilikuwa minene kama mabua ya mahindi na ilikuwa imepasua simiti.

"Sista, leta kisu tukate," Chelimo alisema.

"Mathe, hiyo ni mali ya hospitali," Quincy akadakia. "Na wageni wako kwa koridoo. Mzee angoje kidogo."

"Angoje akivuta nini?"

Chelimo alimshika mumewe kwapani, Cherop akashika miguu, wakambeba hadi mlangoni na kumketisha sakafuni, mgongo ukiegemea mtungi. Cherop akamvisha barakoa. Sauti za wakaguzi zilikuwa zinakaribia.

"Hawezi kukaa hapo," Quincy alisema, jasho likimtoka. "Hapo si pa mgonjwa."

"Basi pafanye pa mgonjwa," Cherop akamwambia.

Quincy alitoa utepe mfukoni, akapiga magoti, akamzungushia Weldon mraba ulionyooka. Aliandika MGONJWA kwa kalamu nene, akabandika karibu na vidole vya miguu. Alikuwa ndio anainuka wakaguzi walipoingia.

Mkuu wao, mama mwenye miwani, aliutazama mtungi, akamtazama Weldon, kisha akainama kuzikagua kona za utepe.

"Hapa mmejipanga," alisema.

Weldon alikuwa ameanza kurudiwa na rangi. Hakuna aliyemuuliza lolote.

Jioni hiyo mzee Kipyegon, wa kitanda cha dirishani upande wa pili, naye alianza kukosa pumzi. Weldon mwenyewe alivua barakoa, akainyoosha ipelekwe. Mpira wa barakoa haukufika. Alitaka kuinuka asaidie, akakuta nyayo zimeshika sakafu. Cherop na Chelimo walijaribu kumbeba mzee, lakini hakuwa ameinuka tangu Jumatatu, na mgongo wake ulikuwa umeshikana na godoro. Walivuta mpaka akawaomba waache. Alikufa akiutazama mtungi.

Cheti kilipokuja, kiliangikwa ukutani juu ya kichwa cha Weldon. Chelimo alimuuliza Quincy mumewe angeenda nyumbani lini.

"Kwani hapumui?"

"Anapumua."

"Si hiyo ndiyo shida ilikuwa imewaleta? Wakaguzi watarudi mwaka ujao, mathe. Kabla ya hapo hakuna kitu kitasongeshwa."

Chelimo alifungua thamosi, akamnywesha Weldon uji, akamfuta mdomo kwa ncha ya leso. Kisha alienda mferejini, akarudi na kikombe cha maji, akammwagilia miguuni polepole, akiangalia yasivuke utepe.