Mkono wa Nje

Tangu asubuhi baba alikuwa hatulii. Anakaa, anasimama, anakwenda dirishani kutazama mawingu, anarudi kufunua sufuria yangu. Siku ya mechi nyumba nyingi za hapa hupika nyama ya kusaga na maharage ya pilipili, na mikate ya mdalasini pembeni. Jioni timu ya shule yetu ya mpira wa Kimarekani ingecheza na shule ya Alder, na atakayefungwa msimu wake umekwisha.

Baba mdogo Lyle aliingia bila kubisha, matope miguuni.

"Nimekuja kukupa pole mapema, Duane," akamwambia baba.

"Vua viatu kwanza."

"Kuna lile jitu lao la katikati. Likisimama njiani hata ng'ombe wako hapiti."

"Nani kasema tunapita katikati? Weston anazunguka kulia. Kulia, kulia, kulia, mpaka wachoke. Jitu likikimbizwa pembeni kila mara, kipindi cha mwisho linahema ulimi nje."

Weston ni kaka yangu, ndiye anayeubeba mpira na kukimbia nao. Nilikuwa nimevaa jezi yake. Kwetu, siku ya mechi mchezaji humpa mwanamke mmoja jezi yake ya ugenini avae mjini, mama au mpenzi. Mama alishatutoka, na mpenzi Weston hana, basi hupewa mimi.

Jana yake aliniletea ghalani, akaninyooshea kwa mkono wa kushoto. Nikamtazama. Alipotaka kutundika ndoo kwenye msumari, mkono wa kulia uliishia kifuani, ndoo ikaanguka, na uso wake ukawa kama majivu.

"Umeumia bega," nikasema.

"Ni mazoezini tu. Litapoa."

"Baba anajua?"

"Akijua nitakaa benchi. Tessa, niapie hutamwambia mtu."

Nikaapa. Usiku mzima niligeuka geuka kitandani kama niliyelalia makapi.

Sasa Weston alikuwa mezani, anakula kwa mkono wa kushoto, na wazee wale wawili hawakuona kitu. Walikuwa kwenye raha yao.

"Alder hawakukimbizi," Lyle alikuwa anasema. "Kila mmoja ana mlango wake, anaulinda. Ukizunguka kulia, yule wa pembeni anakungoja tu, wenzake wanakuja kwa nyuma. Wewe ulikuwa mkimbiaji, mimi nilikuwa mzuiaji. Mzuiaji anauona uso wa mkimbiaji. Anajua anakokwenda kabla mwenyewe hajajua."

"Ulizuia nini wewe? Ulizuia mlango wa kantini."

"Na wewe nilikuzuia mara ngapi hapo uani? Sema mbele ya wanao."

Kila baba aliposema kulia, Weston alishusha macho kwenye bakuli. Nilishindwa kuvumilia.

"Baba mdogo," nikauliza, "wakimwangukia hapo pembeni, anaangukia bega gani?"

"La kulia, mama. Mpira unabebwa mkono wa nje, upande wa mstari, mbali na watu. Ukiangushwa unalala juu ya bega hilo, na wao wote juu yako."

Jibu nililijua tangu utotoni. Nilitaka Weston alisikie. Akasukuma bakuli.

"Maneno yamenichosha," baba akasema. "Twendeni nje nimwonyeshe huyu."

Uani upepo ulikuwa unakata. Baba akaamua trekta ndilo jitu la katikati, na Lyle ndiye yule wa pembeni. Mimi nilikuwa nimeuokota mpira mlangoni, ule mpira wetu mrefu wenye ncha mbili.

"Mpe kaka yako," baba akasema. "Weston, zunguka kulia. Taratibu, usimuue baba yako mdogo."

Weston alinitazama, mkono wa kushoto umeshatangulia. Alikuwa ananiomba. Nami nikaupitisha mpira upande wa pili, nikaubana kwenye mbavu zake za kulia kama wenzake wanavyompa uwanjani.

Akapiga hatua chache. Kabla hajamfikia Lyle aliuhamishia kushoto, upande wa ndani. Lyle akapeleka kiganja tu, mpira ukadondoka na kuviringika chini ya trekta.

"Unaona?" Lyle akacheka. "Mtoto wa Duane Kucera anabeba mpira mkono wa..."

Akaishia hapo. Watoto wa nyumba hii tulifundishwa mkono wa nje kabla ya kufundishwa kufunga kamba za viatu.

"Rudia," baba akasema.

Akarudia. Kushoto tena.

"Inua mikono yote miwili juu, kama refa anapotoa alama."

Wa kushoto ulipanda. Wa kulia ulifika kifuani ukakwama.

Baba akanigeukia. "Ulijua?"

"Niliapa nisiseme."

"Na hukusema," akajibu, na sikuweza kujua kama amenikasirikia.

"Baba, tukizunguka kushoto je?" Weston akadakia. "Nitabeba kushoto. Baba mdogo, mwambie. Hata ukuta wao wa walinzi hautarajii hilo."

Lyle, ambaye siku zote ana jibu, alijikuna shingo. "Hata wakikuangushia kushoto, mwanangu, watakuwa juu yako wote."

Baba alizunguka trekta, akarudi, akalizunguka tena. Kisha akatoa simu.

"Kocha, Weston hachezi. Bega. Ndiyo, najua ni leo."

Taa za uwanja zilionekana tukiwa garini. Goti la baba halikuacha kucheza.

"Atakimbia yule mtoto wa Hruska," Lyle akasema. "Mwepesi yule. Alder hawamjui."

"Si ulisema ukuta wao haupitiki?" baba akauliza.

"Nilisema jitu halipitiki. Sasa huyo Hruska anapita hata chini ya mlango."

Baba hakucheka, lakini goti lilitulia kidogo. Weston alikuwa amegeukia dirisha tangu nyumbani.

"Nivue jezi?" nikamuuliza polepole.

Akanyoosha mkono wa kushoto, akachukua mkate wa mdalasini mapajani pangu.

"Iache," akasema. "Ukivua, watu watauliza."